Ukuaji wa mtoto tumboni kwa Ayurveda na kwa tiba ya kisasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wajawazito, waume zao na wakunga wanaokutana na maelezo ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kuhusu mimba, wakataka kujua yapi yanaoana na ya kliniki na yapi hayaoani. Tunapoandika "wiki ya kliniki" tunamaanisha wiki inayohesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho.

## Misingi

Kwa mujibu wa Ayurveda, mimba inatungaje?

Maandiko yanayotegemewa zaidi ni mawili, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, yote ya Kisanskriti kutoka India ya kale. Kila moja lina sehemu iitwayo Sharirasthana inayoeleza mwili na mimba. Humo mimba hutunga pale shukra, mbegu ya baba, inapokutana na shonita, damu ya mama, ndani ya mji wa mimba, na nafsi ikaingia. Sushruta anataja mahitaji manne, akiyasema kwa lugha ya mkulima: msimu, shamba, maji na mbegu. Kimoja kikikosekana au kikiharibika, mimba haishiki au haikui vizuri.

Tiba ya kisasa ingekubali orodha hiyo kwa majina mengine: siku za rutuba, mji wa mimba wenye afya, lishe, na yai pamoja na mbegu zisizo na hitilafu. Panapotofautiana ni kwenye mchango wa mama. Wahenga hao waliiona damu, hawakuliona yai. Yai la mnyama anyonyeshaye lilielezwa mara ya kwanza na Karl Ernst von Baer mwaka 1827. Leo tunajua kwamba yai hurutubishwa kwenye mrija wa uzazi, hushuka huku likigawanyika, na kati ya siku ya 6 na ya 10 hujipachika kwenye ukuta wa mji wa mimba.

Miezi ya Ayurveda inalinganaje na wiki za kliniki?

Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Maandiko huhesabu tangu mimba ilipotunga, kliniki huhesabu tangu hedhi ya mwisho, na tofauti ni kama wiki mbili. Ukiuchukua mwezi kuwa siku 30, mwezi wa kwanza wa Ayurveda unaishia karibu wiki ya 6 ya kliniki, wa tatu ni takriban wiki ya 11 hadi ya 15, wa nne ni ya 15 hadi ya 19, na wa nane ni ya 32 hadi ya 36. Tarehe ya kujifungua ipige kwa njia ya kliniki: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3, peleka mwaka mbele ikibidi. Hesabu hii humfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko usiotabirika ategemee utrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza.

Walijuaje haya bila darubini?

Walitazama mimba zilizoharibika, watoto njiti, wanyama na maiti. Sushruta anaeleza namna ya kuandaa maiti: matumbo yatolewe, mwili ufungwe kwa nyasi, utumbukizwe kwenye mto unaotiririka pasipo na watu kwa siku saba, kisha usuguliwe polepole kwa brashi ya mizizi au nywele, tabaka baada ya tabaka, kila kilichofichika kikionekana. Ni kazi ya macho na mikono, na ya uvumilivu mkubwa. Kisichoonekana kwa macho ndicho kilichowapita, na kosa hilo utaliona likijirudia katika majibu mengi hapa chini.

Kiungo gani huumbwa kwanza?

Waligombana juu ya hili, na mabishano yao yamehifadhiwa. Mmoja alisema kichwa, mwingine moyo, mwingine kitovu, mwingine mikono na miguu. Maricha Kashyapa, mmoja wa wahenga hao, alisema haijulikani kwa kuwa haionekani. Rai iliyopewa ushindi ni ya Dhanvantari, anayetajwa kuwa mwalimu wa Sushruta: vyote huanza pamoja, kama embe changa ambalo kokwa na nyama tayari vimo ndani ila ni vidogo mno kutenganishwa.

Embriolojia ya leo inasema upo mpangilio. Wiki ya tatu baada ya urutubisho hujengeka tabaka tatu za seli, na kutoka humo kila kiungo hupata asili yake. Moyo ndio wa kwanza kufanya kazi, karibu siku ya 22. Hivyo aliyetaja moyo alikaribia zaidi, ingawa Dhanvantari naye hakukosea kabisa, kwani ndani ya wiki chache tu misingi ya viungo vyote vikuu huwa imewekwa.

## Mwezi kwa mwezi

Miezi mitatu ya kwanza inaelezwaje?

Mwezi wa kwanza mimba huitwa kalala, kitu laini cha uteute. Charaka anaongeza kwamba viungo vyake "vipo na havipo". Mwezi wa pili huganda na kuwa pande. Mwezi wa tatu hutokea machipukizi matano: mikono miwili, miguu miwili na kichwa.

Kwa uhalisi mambo huenda kasi zaidi. Mfereji wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga karibu siku ya 28 baada ya urutubisho. Machipukizi ya mikono hutokea karibu siku ya 26 na ya miguu siku mbili hivi baadaye. Basi mwezi wa tatu umetoka wapi? Kiinitete cha wiki nne kina urefu wa milimita 4 hadi 5, na mimba ikiharibika wakati huo hupotea ndani ya damu. Kijusi cha wiki ya 12 ya kliniki kina sentimita 5 hadi 6 kutoka utosi hadi matako, na vidole vyake vinahesabika. Maandiko yanaeleza mwezi ambao viungo vinaonekana, siyo unaoviumba.

Tofauti hii ina gharama. Mama anayeamini kwamba mtoto "bado ni uteute" hadi mwezi wa tatu anaweza kuchelewa kuacha pombe au dawa zenye madhara, na kuchelewa kuanza vidonge vya vitamini ya foliki. Foliki, mikrogramu 400 kila siku, inatakiwa ianze angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba na iendelee hadi wiki ya 12. Mfereji wa neva usipofunga mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na siku ya 28 ikifika wengi ndio kwanza wanajiuliza mbona hedhi imechelewa. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kiasi kikubwa zaidi, miligramu 4 hadi 5, kwa kuandikiwa na daktari.

Kwa nini mwezi wa nne unapewa uzito?

Kwa Sushruta, moyo wa mtoto hudhihirika mwezi wa nne na fahamu pamoja nao, hivyo mama huitwa mwenye mioyo miwili, dauhridini, na anachokitamani huhesabiwa kuwa ni matakwa ya mtoto. Charaka huiweka hali hiyo mwezi wa tatu. Waislamu wengi watakumbuka kwamba siku ya 120, ya kupuliziwa roho, nayo huangukia mwishoni mwa mwezi wa nne. Suala la roho si la maabara, na hatulipimi hapa.

Linalopimika ni moyo. Utrasaundi huona mapigo kuanzia karibu wiki ya 6 ya kliniki. Mkunga mwenye kipaza sauti cha mbao huyasikia karibu wiki ya 18 hadi ya 20, na wakati huohuo mama wa mimba ya kwanza huanza kuhisi mtoto akicheza. Aliyekwisha kuzaa huhisi mapema kidogo, hata wiki ya 16. Kwa macho, masikio na mikono mitupu, mwezi wa nne ulikuwa uchunguzi sahihi.

Mjamzito akinyimwa anachotamani, mtoto atapata kasoro?

Hapana. Sushruta aliorodhesha kibyongo, ulemavu wa mikono na miguu, udumavu na matatizo ya macho kuwa matokeo ya hamu isiyotimizwa. Hakuna njia ya kimwili inayoweza kuleta hayo, na imani hii imewabebesha lawama mama wengi waliojifungua watoto wenye ulemavu. Sababu zinazojulikana ni hitilafu za jeni na kromosomu, upungufu wa foliki, kisukari kisichodhibitiwa, maambukizi kama rubela na kaswende, pombe na baadhi ya dawa.

Ushauri wa Charaka una busara zaidi: mpe anachotaka isipokuwa chenye madhara, na hamu ikizidi, hata chenye madhara apewe kidogo kikichanganywa na kinachofaa. Kwa udongo usiutumie ushauri huo. Udongo wa kula, uitwao pemba Tanzania na odowa Kenya, unaweza kuwa na mayai ya minyoo na madini ya risasi, na hamu yake mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu. Anayeutamani apimwe damu.

Je, ni kawaida mama kukonda mwezi wa tano na kupauka mwezi wa sita?

Charaka anasema mwezi wa tano mtoto hujenga nyama na damu, kwa hiyo mama hukonda; mwezi wa sita mtoto hupata nguvu na rangi, kwa hiyo mama hupoteza vyake. Kama maelezo ya walichokiona huenda ni ya kweli na ya kusikitisha: yaelekea hawa walikuwa wanawake wenye upungufu wa damu. Kama kipimo cha kawaida ni hatari kuyafuata.

Mjamzito mwenye uzito wa wastani anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba nzima. Maji ya damu huongezeka kuliko chembe nyekundu, hivyo wingi wa damu unaopimwa kliniki (himoglobini) hushuka kidogo, lakini ukienda chini ya gramu 11 kwa desilita (10.5 katika miezi mitatu ya kati) huo ni upungufu wa damu na unatibiwa. Ukanda wetu malaria na minyoo huongeza tatizo. Viganja vyeupe, kuhema kwa kazi ndogo au moyo kwenda mbio visisubiri mwezi upite.

Ni kweli mtoto wa miezi saba hupona na wa miezi minane hufa?

Si kweli, na katika ukurasa huu wote hakuna imani tunayoomba iachwe kwa haraka kuliko hii. Ayurveda inasema mwezi wa nane ojasi, kiini cha uhai, haijatulia. Huhama kati ya mama na mtoto, na mtoto akizaliwa ikiwa kwa mama hatapona. Wagiriki wa kale nao walikuwa na imani hiyo kuhusu mtoto wa mwezi wa nane, kwa hoja nyingine.

Kila wiki inayoongezeka tumboni huongeza nafasi ya kuishi. Wa wiki ya 34 ana nafasi nzuri kuliko wa wiki ya 30, bila kuruka. Shida kubwa ya njiti ni mapafu: kimiminika kinachozuia vifuko vya hewa kushikana huanza kutengenezwa karibu wiki ya 24, ila hutosha karibu wiki ya 34 au 35. Ndiyo maana mama mwenye dalili za uchungu wa mapema kabla ya wiki ya 34 hupewa hospitalini sindano za dexamethasone kuyakomaza. Mtoto akishazaliwa huhitaji joto, na kumweka kifuani ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá mwaka 1978, huokoa maisha ya njiti. Anayekata tamaa kwa sababu "ni wa mwezi wa nane" humnyima mtoto matunzo ambayo yangemponya.

Mtoto anakula na kupumua vipi tumboni?

Sushruta anasema mshipa wa kitovu cha mtoto umeungana na mishipa ya mama inayobeba lishe, na kabla viungo havijatokea mtoto hulishwa kwa majimaji kupenya polepole. Hili linashangaza kwa usahihi. Katika wiki za mwanzo kiinitete hulishwa hasa na majimaji ya tezi za mji wa mimba. Kondo la nyuma huishika kazi hiyo kikamilifu kuelekea mwisho wa miezi mitatu ya kwanza. Alikosea aliposema mtoto hakojoi. Hukojoa, na kuanzia nusu ya mimba sehemu kubwa ya maji ya chupa ni mkojo wake. Maji yakiwa machache sana daktari huchunguza figo za mtoto na kondo.

Hulalaje, na hugeuka lini?

Charaka anamweleza akiwa ameelekea mgongo wa mama, kichwa juu, viungo vimekunjwa, kisha anageuka wakati wa kuzaliwa. Wengi hugeuka mapema zaidi na kufikia wiki ya 36 kichwa kiko chini. Wanaotanguliza matako mimba inapotimia ni kama 3 hadi 4 kwa kila 100. Akiwa bado hajageuka wiki ya 36, panga na daktari. Usikubali kukandwa tumbo ili mtoto ageuke na mtu asiye na utrasaundi wala chumba cha upasuaji karibu.

## Kurithi na jinsia

Kipi hutoka kwa baba, kipi kwa mama?

Ayurveda hugawa: vigumu kwa baba (mifupa, meno, kucha, nywele), laini kwa mama (damu, nyama, moyo, ini, figo). Kisha huongeza vyanzo vingine vinne: nafsi, akili, lishe, na mazoea yanayoufaa mwili. Mgawo wa vigumu na laini haupo. Kila kiungo kina jeni za wote wawili. Lakini Charaka anasema pia kwamba sehemu fulani ya mbegu ikiharibika, kiungo kinachotokana na sehemu hiyo ndicho huharibika, na isipoharibika mtoto hatarithi kasoro ya mzazi. Kwa mtu asiyejua kromosomu, hiyo ni hoja nzito.

Je, jinsia inaweza kubadilishwa kwa pumsavana?

Haiwezi. Pumsavana ni ibada na dawa za kupata mtoto wa kiume, zinazofanywa mapema kwa dhana kwamba jinsia haijadhihirika. Jinsia ya kijenetiki hukatwa papo hapo urutubisho unapotokea, kwa mbegu ya baba iliyobeba X au Y. Tezi za uzazi huanza kutofautiana karibu wiki ya 7 baada ya urutubisho, lakini hapo jinsia imeshaamuliwa. Dalili za mvulana zinazotajwa na maandiko, kama titi la kulia kutangulia kutoa maziwa au mama kuanza hatua kwa mguu wa kulia, nazo hazitabiri chochote.

Dawa za "kupata mvulana" zinazouzwa kaskazini mwa India zimehusishwa na watoto kufa tumboni na kasoro za kuzaliwa. India ilipiga marufuku upimaji wa jinsia ya kijusi kwa sheria ya mwaka 1994.

## Chakula, mwenendo na dawa

Ratiba ya maziwa na samli ifuatwe?

Kwa Charaka: mwezi wa kwanza maziwa matupu, wa pili maziwa yaliyopikwa na mimea mitamu, wa tatu maziwa na asali na samli, wa nne maziwa na siagi kama gramu 12, wa tano samli, wa sita na wa saba samli iliyopikwa na mimea hiyohiyo, wa nane uji wa maziwa wenye samli. Ni chakula chenye protini na nguvu, chepesi kwa mwenye kichefuchefu. Marekebisho ni haya:

- Maziwa yachemshwe. Mabichi huleta brusela, inayoweza kuharibu mimba.
- Vidonge vya madini ya chuma visimezwe kwa maziwa wala chai, huzuia kufyonzwa. Acha saa mbili hivi kati yake.
- Mwenye kisukari cha mimba au uzito mkubwa asiongeze asali na samli bila ushauri.
- Maziwa hayana chuma cha kutosha. Mboga za majani, maharage, dagaa na nyama vibaki mezani.

Mwezi wa tisa ratiba huleta enema ya mafuta na pamba yenye mafuta ukeni. Hivi viache. Pamba huingiza vijidudu, na chupa ikiwa imepasuka bila wewe kujua, maambukizi humfikia mtoto.

Ni kweli kulala chali ni vibaya?

Ushauri ni sahihi, sababu siyo. Charaka anaonya kwamba mama akilala chali kitovu kitamzonga mtoto shingoni. Kitovu huzonga kwa sababu mtoto anajigeuza. Hata hivyo, kuanzia wiki ya 28 lala ubavu: mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na kulala chali kumehusishwa na watoto kufa tumboni. Ukiamka umelala chali usihofu, geuka tu.

Na pombe?

Hapa Charaka aliwahi. Aliandika kwamba mtoto wa mama mlevi huwa na kumbukumbu finyu na akili isiyotulia. Madaktari wa Ufaransa walieleza madhara hayo mwaka 1968 na wa Marekani mwaka 1973. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Dawa za Ayurveda ni salama kwa mjamzito?

Usimeze yoyote bila daktari kujua. Zipo zenye madini kwa makusudi, zikiitwa rasa au bhasma. Garbhapal Ras, inayouzwa kama ya kulinda mimba, katika mapishi yake ya kawaida ina madini ya zebaki na ya risasi. Kati ya 2011 na 2012 wajawazito sita New York walipatikana na sumu ya risasi iliyotokana na dawa za Ayurveda, na uchunguzi wa bidhaa 193 zilizouzwa mtandaoni, uliochapishwa 2008, ulikuta moja kati ya tano hivi ina risasi, zebaki au aseniki. Risasi hupita kwenye kondo hadi ubongo wa mtoto. Ukiwa umeshatumia dawa kama hiyo, peleka kopo kliniki na uombe kipimo cha risasi kwenye damu. Ashwagandha, mzizi wa dawa wa Kihindi, nayo iache. Tangawizi ya chakula kwa kichefuchefu haina shida.

Garbha sanskar, yaani nyimbo na visomo kwa mtoto tumboni, husaidia?

Mtoto huanza kuitikia sauti karibu wiki ya 24 hadi ya 26, na utafiti wa mwaka 1980 ulionyesha watoto wachanga huitambua sauti ya mama zao. Msomee, mwimbie. Ahadi za kumfanya awe mweupe, mrefu au mwerevu kupita wenzake usizilipie.

## Hali zisizo za kawaida

Mimba ikitoka, Ayurveda huitaje?

Hadi mwezi wa nne huitwa kuvuja, mwezi wa tano na wa sita huitwa kuanguka, kwa kuwa mwili umeshika umbo. Hospitali hupanga kwa wiki na kwa kilichobaki ndani. Damu yoyote inayotoka ni ya kwenda kituo cha afya. Dawa za kupoza tumbo nyumbani hazizuii mimba iliyotunga kwenye mrija isipasuke. Maumivu makali upande mmoja, kizunguzungu au bega kuuma ni dharura.

Mimba isiyokua, au inayokaa miaka tumboni, ipo?

Maandiko yanataja upavishtaka, mtoto aliyedumaa baada ya mama kutokwa damu, na nagodara, anayekauka kwa mama kufunga kula na kula vikavu, akikaa tumboni muda mrefu kupita kiasi. Tiba yake ilikuwa samli, maziwa, nyama na safari ya gari la kukokotwa. Leo hali hizo zinagawanyika: kudumaa tumboni, mara nyingi kwa kondo dhaifu au presha, kijusi kilichokufa bila kutoka, na, mara chache sana, kijusi kilichokufa nje ya mji wa mimba kikageuka jiwe. Chakula peke yake hakirekebishi kondo lililoshindwa. Kinachogundua mapema ni futi ya mkunga kila hudhurio: kuanzia wiki ya 24, sentimita za tumbo hukaribiana na namba ya wiki, na pengo la zaidi ya sentimita 3 huhitaji utrasaundi. Mtoto akipunguza kucheza baada ya wiki ya 28, nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.